Nilichokata Chini ya Uso wa Wino

MAELEZO YA SHAHIDI

Yametolewa kwa Kiswahili katika kituo cha polisi, Guangzhou, Jumamosi tarehe 27 Septemba 2025, kuanzia saa 3:10 asubuhi.

Jina: Mwanahija Murshid Abdulwakil (Mama Swalha)
Umri: Miaka 54
Elimu: Darasa la saba
Kazi: Mfanyabiashara wa nguo za kike na za watoto, Kariakoo, Dar es Salaam
Makazi: Magomeni, Dar es Salaam. Nikiwa Guangzhou nafikia chumba cha kupanga, ghorofa ya sita, nyuma ya Mtaa wa Dengfeng, Xiaobei.
Mpokea maelezo: Afisa Liang
Mkalimani: Sostenes, mwanafunzi wa shahada ya uzamili, raia wa Tanzania

Mimi niliyetajwa hapo juu nina akili zangu timamu na nimekuja kituoni kwa miguu yangu. Hakuna aliyeniita. Afande Liang ameniambia, kupitia kwa kijana Sostenes anayetafsiri, kwamba nikisema uongo sheria itaniuliza, na kwamba ninayoyasema leo yanaweza kunirudia mwenyewe. Nimemjibu yanirudie. Nimekuja kwa ajili ya mwanangu Swalha Burhani, ambaye pasipoti yake iko kwenu tangu Jumatatu na ambaye chuo chake kinasubiri neno lenu kabla ya kuamua kama aendelee na masomo au arudishwe nyumbani.

Nilianza kuja Guangzhou mwaka 2009. Nakuja mara tatu kwa mwaka, na nguo zangu nyingi nachukua Shisanhang, kwenye soko la nguo za jumla. Nimewalea watoto wanne kwa kazi hiyo, baba yao akiwa amefariki. Swalha ndiye kitinda mimba. Ana miaka 23 na yuko mwaka wa tatu wa sanaa za uchoraji, kwa ufadhili. Magomeni kwetu wapo watoto waliopata ufadhili wa udaktari, wapo wa uhandisi. Wa kuchora ni mmoja tu, na ametoka tumboni mwangu. Kichina anakiongea mpaka wenye maduka wanaacha kupanga mizigo wamsikilize. Alipokuwa darasa la tano alimchora mwalimu mkuu ubaoni, mwalimu mkuu mwenyewe akakataza ubao usifutwe wiki nzima.

Afande ameniomba nirudi kwenye jambo lililonileta. Nimemwambia nipo kwenye jambo, kwa sababu nataka aandike kwamba mtoto huyu hana tabia ya kudanganya. Aliyedanganya ni mimi.

Mnamo tarehe 3 Septemba 2025 niliwasili Guangzhou. Jumapili tarehe 7 Septemba, kama saa nne asubuhi, nilikwenda kumsalimia Swalha katika chumba anachokaa na mwenzake Loyce, binti wa Mbeya. Niliwapelekea maandazi niliyokaanga mwenyewe kwenye jiko la umeme la mwenye nyumba wangu. Nilipoingia nilikuta wamefunga kamba kutoka dirishani mpaka kabatini, na kwenye kamba Swalha ametundika picha kwa vibanio vya nguo, kama ishirini hivi. Zote zilikuwa nyuso za watu, za wino wa kahawia. Nyingine zilikuwa na mabaka kama chai iliyomwagika, lakini ukirudi nyuma hatua mbili, baka linakuwa shavu au kivuli cha pua.

Nilimuuliza hawa ni akina nani. Alinieleza kwamba Ulaya ya zamani, miaka mia nne na zaidi iliyopita, wachoraji walikuwa na desturi ya kuchora nyuso harakaharaka kwa kalamu ya unyoya au ya mwanzi uliochongwa. Alisema hawakuchora wafalme tu waliokaa wima. Walichora kizee asiye na meno akitafuna, mlevi akicheka, mwanamke aliyelia mpaka pua imevimba. Alisema walitaka kukamata kile ambacho moyo unaufanyia uso wakati mwenye uso hajui kama anatazamwa. Nimeyakumbuka maneno hayo kwa sababu nilimwambia Loyce, umesikia mtoto wangu anavyoongea, huyu ni profesa tayari.

Swalha alisema mwalimu wao huwaanzisha kwa kunakili nyuso hizo kutoka vitabuni. Kila anayenakili lazima aandike chini ya karatasi kwamba ni nakala, ya mchoraji gani, aliyenakili ni nani na tarehe. Alinionyesha. Kila picha kwenye kamba ilikuwa na mstari au miwili ya maandishi chini. Alisema, "Mama, asiyeandika hapa chini ni mwizi." Naomba maneno hayo yaandikwe kama yalivyo, kwa sababu ndiyo mnayomtuhumu nayo.

Picha moja ilikuwa kubwa kuliko zingine. Ilikuwa ya mwanamke mzee, jicho moja amelifumba, mdomo wazi, mashavu yamening'inia, paji la uso limekunjana kama nguo iliyotoka kwenye robota. Shingoni alikuwa na kitu kinaning'inia. Mimi nilidhani ni msalaba, kwa kuwa nilishaambiwa mambo yote haya ni ya Ulaya. Nilicheka. Nilisema huyu bibi wa Kizungu mbona kama kameza ndimu na maganda yake, na kwamba Wazungu wa zamani walikuwa na vizee vibaya, ndiyo maana siku hizi wanajipaka madawa. Loyce aliangalia chini. Swalha naye alicheka, ila kidogo. Akasema, "Hiyo ndiyo niliyoipenda kuliko zote."

Mimi mtoto wangu akipenda kitu nakitaka. Nikamwambia, "Basi nipe mimi." Akaitoa kwenye vibanio, akaifunga ndani ya karatasi laini, akanikabidhi kwa mikono miwili. Akasema, "Ni yako, mama. Chini nimekuandikia maneno. Utayasoma ukivaa miwani." Miwani yangu ilikuwa chumbani Dengfeng. Nilisema nitasoma nikifika.

Sikusoma. Nilipofika niliweka ile karatasi juu ya kabati na nikaendelea na hesabu za mizigo.

Sasa naeleza kuhusu lebo, kwa sababu Afande ameniuliza mara mbili kwa nini nilikata na hajaridhika.

Nguo za Shisanhang zinakuja na lebo ya kiwanda, ina jina na namba ya simu. Sisi tunaonunua kwa jumla hatupeleki nguo nyumbani na lebo hiyo. Mteja wa Kariakoo akiiona anapiga picha, anatafuta kiwanda, safari ijayo anapanda ndege mwenyewe na wewe unabaki na duka la kufagia. Kwa hiyo kabla ya kufunga robota tunakaa chini tunakata lebo, nguo moja moja. Ndiyo maana mkasi wangu mdogo wa nyuzi unaning'inia shingoni kwa kamba tangu asubuhi mpaka nalala. Nimekata lebo miaka kumi na sita. Nikiona maandishi madogo pembeni mwa kitu, mkono wangu unakwenda wenyewe. Sisemi hivyo ili nisamehewe. Nimeulizwa sababu, na sababu ndiyo hiyo.

Jumatano tarehe 10 Septemba, laoban Huang, mama ninayechukua kwake magauni tangu 2012, alikuwa anafungua duka lake la pili, ghorofa ya juu, Shisanhang. Laoban ni bosi, ndivyo tunavyowaita wote wenye maduka. Wateja wakubwa walikuwa wanampelekea zawadi. Jumanne jioni nilipita pale, nikakuta mama mmoja wa Kikongo keshaleta kinyago cha mti mweusi kinachonifika kiunoni, kimewekwa mlangoni na kila anayeingia anakishika kichwa. Mimi nilikuwa nimepanga kupeleka vitenge viwili. Niliona aibu. Ndipo nikakumbuka ile picha.

Usiku huohuo, chumbani, niliifungua juu ya kitanda. Njiani nilikuwa nimenunua fremu ya rangi ya dhahabu yenye kioo, lakini karatasi ilizidi fremu kwa vidole vinne. Juu kulikuwa na nywele, siwezi kukata nywele za mtu. Chini kulikuwa na maandishi. Nilikata chini kwa mkasi wangu, kutoka kushoto kwenda kulia. Ulikuwa mkasi mfupi, ndiyo maana ukingo umekuwa na meno meno. Niliona kwamba maandishi ni ya mkono na ni mistari miwili. Miwani ilikuwa mezani, karibu na birika, nikinyoosha mkono naifikia. Sikuivaa. Nilijua kuna maneno niliyoandikiwa, nikasema kichwani nitayasoma baadaye, kile kipande nakihifadhi.

Kesho yake saa moja asubuhi nilikuwa nafunga marobota, karatasi za alama zimeniishia. Kile kipande kilikuwa karatasi nzito, nzuri. Upande wa nyuma ulikuwa mweupe. Niliandika juu yake kwa kalamu nene ya wino MM/KKO 7, yaani herufi za jina langu na Kariakoo, nikakibandika kwa selotepu kwenye robota la saba, upande wenye maneno ya mwanangu ukiwa ndani. Saa tatu kijana wa Kioko alikuja na toroli akachukua marobota yote. Kioko ni Mkenya, anatusafirishia mizigo, na ghala lake liko kule Nansha, nje ya bandari.

Siku hiyohiyo, kama saa tano asubuhi, nilimkabidhi laoban Huang picha ikiwa kwenye fremu. Duka lilikuwa limejaa watu. Aliniuliza kwa simu ya kutafsiri hii ni nini. Hapa ndipo nilipofanya kosa langu kubwa.

Mimi namsifia Swalha kwa kila mtu. Dereva wa teksi wa Guangzhou hajui Kiswahili lakini anajua nina mtoto mchoraji, kwa sababu namwonyesha picha kwenye simu. Siku hiyo nilitazama ule uso, mdomo wazi, jicho moja, nikaona nikisema mwanangu ndiye aliyechora, watu watacheka. Yule mama wa Kikongo alikuwa amesimama palepale kando ya kinyago chake. Nilisema kwenye simu kwamba ni picha ya kale ya Ulaya, ya miaka mia nne, mwanangu ameipata kupitia chuoni. Simu ikasema kwa Kichina. Watu wakasema "aaa" na wakasogea. Laoban Huang alinishika mikono. Kinyago hakikutazamwa tena.

Nilifurahi sana, Afande. Nataka hilo nalo liandikwe. Nilitoka pale natembea kama bibi harusi.

Alhamisi tarehe 11 Septemba, saa mbili usiku, Swalha alinipigia simu. Aliniuliza, "Mama, uliyasoma?" Sikuelewa haraka anauliza nini. Nilipokumbuka nikamjibu, "Nimeyasoma, mwanangu. Maneno mazuri sana." Akasema asante. Nikasikia sauti yake imefurahi kama siku alipopata barua ya chuo. Tukaongea habari za bei ya ndizi.

Yaliyofuata siyajui kwa macho yangu, nimesimuliwa na laoban Huang. Shemeji yake, Bwana Fang, anauza vitu vya kale. Aliiona picha ukutani tarehe 13, akamwomba aichukue. Ameiuza kwa mtu kama picha ya kale. Aliyenunua ameipeleka kwa mjuzi, mjuzi ameitoa kwenye kioo, akasema karatasi ni ya kisasa na chini imekatwa ili kuondoa alama ya aliyechora. Aliyenunua akashtaki polisi, ndipo Bwana Fang akasema imetoka kwa mwanafunzi wa Kiafrika anayejua kunakili picha za Ulaya. Kuhusu Bwana Fang alikuwa anajua au hajui, mimi sijui na sitamsingizia. Uongo wa kwanza ulitoka kinywani kwangu.

Jumatano tarehe 24 Septemba, saa tano asubuhi, nilikuwa Dengfeng kwenye mgahawa nakula wali. Loyce alikuja akiwa amekimbia. Alinisalimia shikamoo huku bado amesimama. Akasema, "Mama, Swalha hataki ujue, lakini mimi siwezi." Aliniambia Swalha aliitwa polisi Jumatatu akaonyeshwa picha. Alikubali kwamba ameichora yeye. Alipoulizwa nani ameikata chini, alisema hajui. Alipoulizwa imefikaje kwa Bwana Fang, alisema hajui. Aliulizwa saa mbili nzima. Loyce alisema polisi wanaona anaficha kitu, na kweli anaficha.

Niliacha wali mezani.

Nilifika kwa Swalha saa sita na nusu. Kamba ilikuwa bado ipo lakini haina picha hata moja, zilikuwa zimechukuliwa na polisi. Vibanio tu vilikuwa vimebaki. Nilimuuliza kwa nini amesema hajui. Nilimwambia mimi ndiye niliyekata. Akasema, "Najua, mama. Niliona ule ukingo. Hakuna mkasi mwingine unaokata vile." Nilimuuliza basi kwa nini hakusema. Akasema viza yangu nayo ingeangaliwa, na kwamba nikifungiwa kuja China, nyumbani watakula nini.

Kisha akaniuliza kile alichoniuliza kwenye simu. Alisema, "Mama, uliyasoma lakini?"

Nilikuwa nimeshaanza kusema ndiyo. Nikamwangalia usoni. Nikasema, "Hapana."

Hakulia. Alikwenda kufungua dirisha, akasimama pale. Akasema yalikuwa maneno machache tu. Nilimwomba aniambie yalisema nini. Akasema, "Si ya kuambiwa. Ni ya kusoma." Hajawahi kuniongelesha hivyo tangu azaliwe, na haki alikuwa nayo.

Nilimpigia Kioko palepale. Alisema kontena letu halijajaa, marobota yangu bado yapo ghalani, lakini yatapakiwa Jumamosi asubuhi, yaani leo. Ijumaa tarehe 26 Septemba, yaani jana, niliondoka saa kumi na mbili asubuhi, nikafika Nansha saa mbili na dakika arobaini. Robota la saba lilikuwa chini kabisa, limefunikwa na mizigo ya watu wengine. Kioko alikuna kichwa. Alisema, "Mathe, hapo tutatoa mizigo kama thelathini. Hiyo karatasi iko na dhahabu?" Nilimwambia iko na mtoto wangu. Hakuuliza tena. Aliwaita vijana wake wawili na yeye mwenyewe akavua shati. Nami nilivuta, na mgongo wangu mpaka sasa unauma.

Saa nne na robo tuliliona. MM/KKO 7. Selotepu nilikuwa nimeizungusha mara tatu, kwa sababu mimi ni mtu wa kufunga mzigo ukafungika. Kioko alitaka kuivuta, nikamkataza. Niliomba maji ya moto, nikalowesha kitambaa, nikaibandua kidogo kidogo kwa zaidi ya nusu saa. Wino ulifutika mahali pawili tu. Kisha nilivaa miwani.

Kile kipande nimekikabidhi kwa Afande Liang leo saa 3:20. Kimeandikwa kwa Kiswahili, kwa mkono wa Swalha, na nakisoma hapa kama kilivyo:

"Mama yangu akihesabu marobota, Shisanhang, Juni 2025. Hakujua ninamtazama. Kwa wino na kalamu ya mwanzi, kwa namna ya wachoraji wa kale wa Ulaya. Si nakala. Swalha Burhani."

Nilisoma mara ya kwanza nikaelewa maneno, sikuelewa jambo. Kioko alikuwa nyuma yangu anasoma begani. Alikuwa hajawahi kuiona hiyo picha. Akasema, "Kwani alikuchora, mathe?" Ndipo nikakaa chini juu ya robota.

Mwezi wa sita nilikuwa Guangzhou. Swalha alikuwa anakuja Shisanhang kunisaidia kubeba. Nakumbuka alikuwa akikaa kwenye ngazi na daftari lake, mimi namwambia inuka mwanangu, watakukanyaga. Na mimi nikihesabu mzigo nafumba jicho moja, nahesabu kwa sauti, mdomo wazi. Watu wa Kariakoo wote wananijua hivyo na wananiigiza. Kile kitu cha shingoni hakikuwa msalaba. Kilikuwa mkasi huu.

Afande, nilimcheka yule mwanamke mbele ya mtoto aliyemchora. Nikamwita kizee kibaya. Mtoto wangu akanisikia, na bado akanikabidhi kwa mikono miwili. Kisha picha nikampa mtu mwingine, na nikamnyima mwanangu jina lake, mimi ambaye nimelitangaza kila mahali. Siku moja tu ambayo jina lake lilitakiwa kutajwa, nilikuwa nimelibandika kwenye robota.

Leo saa 3:40 Afande Liang ameleta ile picha kutoka ofisi ya vielelezo, akaiweka mezani. Ameweka kile kipande chini yake. Meno ya mkasi yameingiana. Kuna mstari wa wino, ncha ya mtandio wangu wa begani, unaanzia kwenye picha na kumalizikia kwenye kipande, juu kidogo ya neno "Mama". Afande ameupima kwa rula. Kisha amenitazama mimi, akaitazama picha, akanitazama tena. Amesema neno kwa Kichina na Sostenes hakulitafsiri. Nimemwambia Sostenes tafsiri, wewe unalipwa kutafsiri. Amesema, "Mama, Afande anasema mnafanana, ila kwenye picha huna huzuni."

Nimeitazama vizuri sasa, na miwani. Ni kweli. Yule mwanamke ana kazi mbele yake na anaipenda. Mdomo uko wazi kwa sababu yuko kwenye sitini na kitu na hataki kukosea. Makunyanzi yote ni yangu, hajaniongezea hata moja. Sikuwahi kujua kwamba kuna mtu amenitazama muda mrefu namna ile.

Afande ameniuliza kama nilishirikiana na Swalha kuifanya picha ionekane ya kale. Sikushirikiana naye. Yeye aliandika kila kitu ambacho mchoraji mwaminifu anatakiwa kuandika, mahali anapotakiwa kuandika. Ameniuliza kama Swalha alijua nimeitoa. Hakujua mpaka alipoonyeshwa hapa kituoni. Ameniuliza kama nilipokea chochote kwa picha hiyo. Sikupokea kitu, niliitoa zawadi ili nipendwe. Ameniuliza kama najua naweza kuzuiwa kuingia China. Najua. Watoto wangu watatu wakubwa wanafanya kazi, tutakula. Huyu wa nne aachwe amalize mwaka wake.

Ninaomba mambo mawili. Kwanza, chuo kiandikiwe kwamba maneno yalikuwepo chini na aliyeyakata ni mama yake. Pili, kesi ikiisha, picha isirudi kwa laoban Huang wala kwa Bwana Fang. Nitamtafutia laoban Huang zawadi nyingine na nitamwomba radhi mbele ya watu walewale, hata yule mama wa Kikongo awepo. Picha ni yangu. Nilipewa kwa mikono miwili.

Hapo ndipo yanapoishia niliyoyafanya na niliyoyaona. Nimeyasema kwa hiari yangu, na hakuna aliyenishika mkono.

Sahihi ya shahidi: Mwanahija Murshid
Saa 5:25 asubuhi

MAELEZO YA AFISA

Maelezo haya yametolewa mbele yangu na kutafsiriwa na mkalimani aliyetajwa. Kipande cha karatasi kimepokelewa kama kielelezo namba 4 na kimelinganishwa na kielelezo namba 1. Ukingo na mstari wa wino vimelingana. Mwanafunzi Swalha Burhani amepigiwa simu saa 5:05 aje kuchukua pasipoti yake, na barua kwa chuo inaandaliwa leo. Shahidi amejulishwa kwamba picha itabaki kituoni hadi shauri la muuzaji liishe, na kwamba muda hauwezi kutajwa. Hakutakiwa kukabidhi mkasi. Ameuvua shingoni mwenyewe na kuuacha mezani. Umepewa namba 5.

Kabla ya kutia sahihi, shahidi alivaa miwani na kusoma kurasa zote. Alipoelezwa kwamba mistari midogo iliyo chini ya kila ukurasa ni namba za fomu za ofisi na haimhusu, alisema ataisoma. Aliisoma yote. Nje, kwenye benchi, binti yake alikuwa ameshafika na alikuwa akimsubiri.

Afisa Liang